Vitunguu Saumu Visivyo na Kwao: Tathmini ya Supamaketi Moja ya Nairobi

Supamaketi ninayoitathmini hapa iko upande wa magharibi wa Nairobi, katika orofa ya chini ya jengo la maduka ambalo wakazi wa mtaa wetu hulitegemea kwa mahitaji ya wiki. Sitalitaja jina lake, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza si zake peke yake, na sitaki msomaji adhani kwamba akihamia duka la jirani atakuwa amezikwepa. Usafi wake unaridhisha, makarani wa malipo ni wepesi na wana adabu, nyama hukatwa mbele ya mteja, na mkate hutoka tanurini alasiri ukiwa moto. Hayo nayasema mapema ili nisiyarudie, kwani tathmini hii inahusu swali moja tu ambalo duka hilo hulijibu vizuri katika rafu fulani na kulikwepa kabisa katika nyingine: chakula hiki kimetoka nchi gani?

Swali hilo sikulibuni mimi. Lililetwa nyumbani na mama mkwe wangu, ambaye amelima mpunga katika skimu ya Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, tangu kabla sijaolewa. Alipotutembelea nilimpikia mchele wa pishori kutoka pakiti ya kilo mbili niliyoinunua katika duka hilo kwa bei ya juu kidogo, nikijivunia kwamba nampa chakula cha kwao. Alifunua sufuria, akanyamaza, akachukua punje chache kwa vidole, kisha akasema kwa upole, “Mwanangu, mchele huu Mwea umepita tu, haukulala.” Nilicheka kwa aibu, lakini baada ya chakula niliitoa ile pakiti tupu kwenye pipa la taka na kuisoma kwa mara ya kwanza.

Mbele palikuwa na neno “Pishori” kwa herufi nene, pamoja na picha ya mashamba ya kijani na mlima wenye theluji kileleni. Nyuma palikuwa na jina la kampuni, anwani ya Eneo la Viwanda la Nairobi, alama ya Shirika la Viwango la Kenya, yaani KEBS, tarehe ya mwisho ya matumizi, na msimbo pau ulioanza kwa tarakimu 616. Maneno ya pekee yaliyogusia asili yalikuwa “Imefungashwa Kenya.” Ukiyasoma kwa haraka unaiona Kenya, ukiyasoma kwa makini unauona mfuko tu. Shamba halikutajwa popote, na mlima ule pichani ulikuwa umeachiwa kazi ya kusema ambalo maandishi hayakuthubutu kulisema.

Pishori, kwa wasioifahamu, ni mbegu ya Basmati 370, iliyotolewa kwa wakulima wa Punjab mwaka 1933, kwa hiyo hakuna anayedai kwamba mbegu yenyewe ni ya Kirinyaga. Ugomvi ni juu ya shamba. Kenya hula mchele mwingi kuliko inavyovuna, na pengo hilo huzibwa na mchele wa Pakistan, India, Thailand na Tanzania, ambao kwa kawaida ni wa bei ya chini kuliko ule wa Mwea. Pale ambapo jina la mchele wa bei ghali linaweza kuandikwa kwenye mfuko wowote, kishawishi cha kuchanganya ni kikubwa, na wakulima wa Mwea wamekuwa wakilalamikia uchanganyaji huo kwa miaka mingi. Sina uthibitisho kwamba pakiti yangu ilichanganywa. Nina pua ya mama mkwe na lebo iliyokataa kutoa ushahidi.

Baada ya tukio hilo nilijipa majuma sita ya kusoma lebo ya kila nilichokitia kikapuni. Jambo la kwanza nililolazimika kulisahau ni imani yangu juu ya tarakimu 616. Wengi wetu Nairobi tunaamini kwamba msimbo pau ukianza hivyo, bidhaa ni ya Kenya. Ukweli ni kwamba tarakimu hizo huonyesha tu kuwa kampuni ilipata nambari yake kutoka GS1 Kenya, shirika linalosimamia misimbo hiyo hapa nchini. Kampuni ya Nairobi inaweza kununua mchele Karachi, ikaufungasha hapa, na mfuko ukabeba 616 bila kuvunja kanuni yoyote. Vilevile bidhaa iliyotengenezwa hapa inaweza kuwa na 600 ya Afrika Kusini au 50 ya Uingereza, ikiwa mwenye chapa amesajiliwa huko.

Alama ya KEBS nayo hujibu swali tofauti. Huhusu kiwango cha bidhaa, na nambari ya kibali chake inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, jambo ambalo ninamshauri kila mnunuzi alijaribu angalau mara moja. Kibandiko cha ISM, ambacho KEBS hukitoa kwa bidhaa zinazotoka nje, kimenisaidia zaidi kuliko maandishi mengi, kwa maana kukiona tu ni kujua kwamba kilichomo ndani kimevuka mpaka. Ila kibandiko hukaa kwenye pakiti iliyofika ikiwa pakiti. Kilichokuja kwa magunia na kugawanywa hapa hutua rafuni kikiwa kimevaa nguo mpya.

Sheria inasemaje? Kiwango cha jumla cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, cha mwaka 1985, kinataka nchi ya asili itajwe pale ambapo kutoitaja kungempotosha mlaji, na kinaongeza kwamba chakula kikisindikwa katika nchi ya pili kwa namna inayobadilisha hali yake, nchi hiyo ya pili ndiyo itakayohesabiwa kuwa asili yake kwenye lebo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango chake cha lebo, EAS 38, na Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Uzito wote umo katika yale maneno kuhusu kubadilisha hali. Kumimina mchele kutoka gunia la kilo 50 hadi mfuko wa kilo mbili hakuugeuzi mchele kuwa kitu kingine, na ndiyo sababu mfungashaji mwenye tahadhari huandika “Imefungashwa” na kunyamaza hapo. Anasema kweli, lakini ni kweli isiyomfaa anayetaka kujua.

Rafu ya mafuta ya kupikia inaonyesha upande wa pili wa kanuni hiyo. Sehemu kubwa ya mafuta tunayoyatumia jijini ni ya mawese, na mawese hayo hutoka Malaysia na Indonesia yakiwa ghafi, hushushwa Mombasa, kisha husafishwa viwandani humu nchini. Chupa inayosema “Imetengenezwa Kenya” haidanganyi, kwa kuwa usafishaji umebadilisha hali ya kilichoingia. Unga wa ngano uko vivyo hivyo. Narok, Nakuru na Uasin Gishu hulima ngano, lakini haitoshi, na kinachosagwa zaidi huagizwa kutoka nje. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipovuruga biashara ya nafaka na bei ya mkate ikapanda Nairobi, majirani zangu kadhaa waliuliza vita vya mbali hivyo vina uhusiano gani na mkate wenye jina la Kikenya. Lebo waliyokuwa wakiisoma kila asubuhi haikuwa imewaandaa kwa jibu. Katika hili silaumu duka, maana mwenye rafu hawezi kuandika juu ya unga zaidi ya alichoandika msagaji.

Sehemu ya matunda na mboga, kwa upande mwingine, ni kazi ya duka lenyewe, na ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Matofaa yalikuwa na vibandiko, kila tunda na chake, vikitaja Afrika Kusini. (Nambari ya tarakimu nne iliyo kwenye kibandiko hicho ni ya karani wa malipo, hutambulisha aina ya tunda na pengine ukubwa wake, haitambulishi nchi, na ikiwa na tarakimu tano kuanzia 9 ina maana kwamba tunda limekuzwa bila kemikali za viwandani.) Hatua tatu kutoka hapo kulikuwa na kapu la vitunguu saumu, vikubwa, vyeupe, mizizi imenyolewa hadi kwenye ngozi, na juu yake kadi yenye jina na bei. Nilimwendea kijana aliyekuwa akipanga karoti.

“Kijana wangu, vitunguu saumu hivi vimetoka wapi?”

“Hivyo huletwa na saplaya, mama.”

“Na saplaya huvitoa wapi?”

“Labda Marikiti,” alisema, akimaanisha soko la jumla la jijini.

Kwa heshima yake lazima niseme kwamba hakuishia hapo. Aliniomba nisubiri, akaingia ghalani, akarudi na mfuko wa wavu mwekundu uliokuwa bado na tikiti yake. Tikiti ilitaja China, kampuni iliyosafirisha na uzito. Habari niliyoitaka ilikuwa imesafiri maelfu ya kilomita salama salimini, ikavuka bahari na forodha, ikafika hadi mlango wa nyuma wa duka, kisha ikatupwa pamoja na wavu hatua ishirini kabla ya kunifikia. Tangu siku hiyo nimeacha kuamini maelezo kwamba maduka hayajui asili ya chakula yanachokiuza. Hujua hadi pale katoni inapofunguliwa.

Kaunta ya samaki ilithibitisha jambo hilo. Tilapia waliogandishwa walikuwa wamelazwa juu ya barafu nyuma ya kioo, na kadi ilisema “Tilapia” pamoja na bei ya kilo. Katoni walimotoka ilikuwa chini ya meza, na kwa kuinama kidogo niliweza kusoma nchi na tarehe ya kugandishwa. Samaki hao walitoka China. Tangu mjadala mkali wa mwaka 2018 kuhusu samaki kutoka huko, ambao ulimfanya hata Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, kuuzungumzia hadharani, hakuna muuzaji wa samaki Nairobi asiyejua kwamba mteja anajali. Mama aliyekuwa mbele yangu aliuliza, akaambiwa, “Hawa ni wa ziwa.” Sikuona ikiwa inafaa kumsaidia kwa kuuliza ziwa gani, na hadi leo sijui kama nilifanya vyema kunyamaza.

Kwa kulinganisha, nilinunua vitunguu vya kawaida na machungwa kwa mama mboga wa Kangemi, ambaye meza yake haina lebo hata moja. Yeye hana haja ya kuulizwa. Alikuwa na mafungu mawili ya vitunguu, na kabla sijagusa lolote alisema, “Hiki ni cha Tanzania, kinakaa. Hiki cha kwetu ni cha bei nafuu, lakini kipike wiki hii.” Kitunguu chekundu kinachopitia Namanga, ambacho kwa sehemu kubwa hulimwa pande za Mang’ola karibu na Ziwa Eyasi, kina sifa ya kukauka vizuri, na kwenye meza yake sifa hiyo ilikuwa na bei yake. Machungwa vilevile: ya Tanga yana ganda la kijani na maji mengi, ya Misri yana rangi kali inayovutia macho, na hakuna mteja wake anayeyachanganya. Sokoni asili ni sehemu ya ubora, hivyo hutajwa kama vile ukubwa unavyotajwa. Ushahidi wake, bila shaka, ni mdomo tu, na akikosea sina karatasi ya kumshtakia. Ila mimi hupita hapo kila siku ya pili, na yeye anajua.

Duka lisijitetee kwamba kuandika asili ya chakula kisichofungashwa ni mzigo usiobebeka. Mishiri yetu, yaani maharage machanga ya kijani, ikifika Uingereza huwekwa rafuni ikiwa na neno “Kenya” kwenye pakiti, na mkulima wa Kirinyaga anayeikuza amezoea kufuatiliwa hadi kwenye shamba lake. Nchini Marekani, sheria iliyoanza kutekelezwa kikamilifu mwaka 2009 inawataka wauzaji wakubwa wa rejareja wataje nchi ya asili ya matunda na mboga mbichi, samaki, kuku, nyama ya kondoo na ya mbuzi, njugu karanga na makadamia, na wanaruhusiwa kufanya hivyo kwa kadi iliyosimamishwa juu ya kapu. Sheria hiyo ina historia ya misukosuko: Kanada na Mexico ziliishtaki katika Shirika la Biashara Duniani kwa madai kwamba iliwabagua ng’ombe na nguruwe wao, zikashinda, na Desemba 2015 Bunge la Marekani likaiondoa nyama ya ng’ombe na ya nguruwe. Kadi za vitunguu na samaki zilibaki, na hakuna duka lililofungwa kwa sababu yake.

Ninaopenda zaidi ni mfumo wa Australia, ulioanza kuwa wa lazima Julai 2018. Vyakula vingi vinavyotengenezwa au kufungashwa huko huwa na mstari wa kipimo unaoonyesha ni asilimia ngapi ya viungo vimetoka humo nchini, na vile vilivyolimwa au kutengenezwa huko huongezewa alama ya kangaruu. Ungewekwa kwenye chupa ya mafuta tuliyoizungumzia, ungeonyesha kwa kutazama mara moja kwamba kazi ni ya Kenya na mawese si ya Kenya, bila kumwaibisha msafishaji wala kumdanganya mnunuzi. Ningependa kuuona kwenye mchele wetu kwanza.

Yapo mambo ambayo nchi ya asili haiwezi kumwambia mnunuzi, na katika majuma hayo sita nilijikuta mara kadhaa nikiitaka iseme zaidi ya uwezo wake. Haisemi kama chakula ni salama. Machi 2021 mamlaka zetu zilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye zikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wengi walichukulia kwamba mahindi ya nyumbani ndiyo kimbilio. Hata hivyo, mkasa mbaya zaidi wa sumukuvu nchini, ule wa mwaka 2004 uliowaua watu 125, ulitokana na mahindi ya maeneo ya Mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na mwaka 2019 KEBS ilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi uliokuwa ukiuzwa humu humu. Kinachoamua ni unyevu wa nafaka ilipohifadhiwa, na unyevu hauna pasipoti. Kwa hiyo sikatai vitunguu saumu vya China, na nimeendelea kuvinunua, kwa kuwa vya hapa ni adimu na bei yake hunishinda. Ninachotaka ni kuvinunua nikijua.

Mwishoni mwa juma la nne nilimwandikia meneja barua ya ukurasa mmoja nikipendekeza kadi juu ya kila kapu, na nikaambatisha picha ya ile tikiti ya wavu mwekundu. Alinijibu kwa simu baada ya siku mbili, kwa heshima, akasema kwamba hakuna mteja mwingine aliyewahi kuuliza, jambo ambalo siliamini kwa kuwa nilikuwepo kwenye kaunta ya samaki. Hata hivyo, alitekeleza sehemu ya ombi langu, na hilo ni maduka machache ambayo yangelifanya. Kwa bidhaa zilizofungashwa duka hili nalitunuku nyota tatu kati ya tano, nikikumbuka kwamba kosa kubwa ni la wafungashaji. Kwa mboga na matunda lilistahili moja, na kwa kadi hizo nimeongeza ya pili. Kaunta ya samaki siipi kitu hadi katoni itoke chini ya meza.

Nyota hiyo ya pili ingekuwa imara zaidi kama si ziara yangu ya mwisho. Kadi zilikuwa zimewekwa, nyeupe, zimeandikwa kwa mkono mzuri: “Vitunguu Saumu – China,” “Tangawizi – Uganda,” “Machungwa – Kenya.” Nililiokota chungwa moja na kuligeuza. Kibandiko chake kilitaja Misri. Nilimwonyesha yule yule kijana wa karoti, naye akalitazama tunda, akaitazama kadi, akalitazama tena tunda, kisha akaichomoa kadi na kuirudisha upande usioandikwa kitu.